Nilipofuta "Ma" ya Masaa

Yule mama wa dirisha la dawa amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi wataniuliza ni mama gani, maana sijawahi kumtaja katika safu hii hata mara moja, na kutomtaja huko hakukuwa kwa bahati mbaya. Habari zilinikuta Sultan Hamud kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Dada yangu alinipigia simu akasema, "Yule daktari wako wa dawa ametuacha. Ni presha." Nikasema maneno yanayosemwa, nikauliza atazikwa lini na wapi, kisha nikakata simu, na kinyozi akaniuliza kama ameninyoa vibaya. Hakuwa na kosa. Nilikuwa naona haya, kwa sababu kuna jambo marehemu aliniomba nilifanye, jambo dogo la kumaliza kwa dakika tano, na kwa miaka sita sikulifanya.

Alifanya kazi katika kasualti, kitengo cha dharura cha hospitali moja ya upande wa Makueni ambayo sitaitaja. Hakuwa daktari, alikuwa mtaalamu wa dawa, lakini kwetu yeyote anayetoa dawa ni Daktari na hakuna haja ya kubishana. Wikendi na sikukuu, duka kubwa la dawa la hospitali likiwa limefungwa, waliotibiwa kasualti walikuwa wakirudi nyumbani na karatasi tu ya kununulia dawa. Wengine walifika kwao wakakuta kemisti imefungwa, wengine wakangoja siku ya soko, wengine wakapona au wakazidiwa kabla ya soko. Yeye alisumbua wakubwa wake mpaka akapewa kabati, na ndani ya kabati akapanga bahasha ndogo ndogo za dawa za kuanzia, tayari kwa mgonjwa kwenda nazo nyumbani. "Mtu akitoka hapa na karatasi, ametoka na karatasi," alikuwa akisema. Nilimwona ni mkali kupita kiasi, lakini wakati huo nilikuwa bado sijajua mengi.

Tulikutanishwa na shoka. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali dada yangu karibu na Mukuyuni, nikakuta wanawake wanapasua kuni uani, nikaona si vizuri mwanamume mzima kuketi akinywa chai huku akitazama. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka thelathini, na kitu kizito nilichozoea kushika ni kamusi. Pigo la kwanza lilikosa gogo. La pili nalo lilikosa gogo, likapata muundi wangu. Kasualti walinishona nyuzi saba, wakanielekeza dirishani, na hapo nikamkuta mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, akinisomea bahasha mbili kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Hii nyeupe, moja kila masaa nane, ukishakula," alisema. "Hii ya rangi mbili ni ya maumivu, ukisikia uchungu tu. Haya, niambie utakunywa aje."

"Nimeelewa, Daktari."

"Sikuuliza kama umeelewa. Niambie utakunywa aje."

Nikajikohoza, nikaanza kueleza kwa Kiswahili changu kizuri, na kabla sijafika mbali nilikuwa nimezigeuza dawa zote mbili, ile ya rangi mbili nikaipa saa za ile nyeupe. Nyuma yangu kulikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mwingi, mkono wake umefungwa bendeji. Akashindwa kuvumilia. "Mzee, umechanganya! Nyeupe ndio ya kila masaa nane, tena ukishakula!" Foleni nzima ikacheka. Yeye alikuwa amesikia mara moja tu, kwa masikio ya kuazima, na alikuwa ameshika kuliko mimi.

Mtu wa aina yangu akiaibishwa hutafuta upesi mahali pa kujikweza, nami nilipata mahali hapo kwenye bahasha. Mama alikuwa ameandika kwa biro: "Kunywa 1 kila masaa nane." Nikatoa kalamu mfukoni. Vidonge havinywewi, nikamweleza, vidonge humezwa. Tena katika Kiswahili hakuna kitu kinachoitwa masaa. Saa ni saa, iwe moja au ziwe mia. Nikaifuta ile "ma" mbele ya watu wote, nikaandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: "Meza kidonge kimoja kila baada ya saa nane." Wasomaji wangu, sikumbuki maumivu yoyote ya mguu wakati huo.

Mama aliisoma mara mbili. "Mwalimu, hii watu wataelewa?"

Nikamjibu kwamba Kiswahili sanifu hakimshindi mtu yeyote. Sentensi hiyo hunijia mpaka leo nikiwa naoga, na ikinijia huwa nasimama tu na sabuni mkononi.

Shida yake, akaniambia, ilikuwa Jumapili. Siku hiyo yeye hakuwa kazini, bahasha zilitolewa na muuguzi yeyote wa zamu, na kila muuguzi aliandika alivyojua. Alitaka maandishi ya aina moja. Nikajitolea papo hapo. Nilipopona nilikwenda Kitui mjini kwa fundi wa mihuri, nikasimama juu yake kama msimamizi wa mtihani mpaka sentensi yangu ikachongwa bila kosa, nikampelekea Mama muhuri wake umefungwa kwa gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa ukurasa wenye safu yangu. Juma lililofuata niliandika hapa hapa kuhusu hospitali zinazokitesa Kiswahili, na kuhusu raia mmoja mpenda lugha aliyeamua kusaidia kimyakimya. Kama kuna aliyehifadhi makala hiyo, namwomba afungie nayo nyama.

Wiki tatu baadaye alinipigia. "Mwalimu, unaweza kuja?" Nikadhani kunatakiwa muhuri wa pili, labda wa dawa za maji. Nilivaa tai. Nilipofika, Mama hakunikaribisha dirishani, alinishika mkono akanipeleka ndani, hadi kwenye kitanda alikolala bibi mmoja wa Mukuyuni mwenye ugonjwa wa sukari. Bibi huyu alikuwa amekuja Jumapili fulani na kidonda kidogo mguuni. Wakamsafisha, muuguzi akampa bahasha yenye muhuri wangu, foleni ikasogea, akaenda nyumbani. Sasa mguu ulikuwa umevimba na vidole viwili vimekuwa vyeusi.

"Muulize alikunywa aje," Mama akaniambia.

Nikamuuliza. Bibi alifurahi kuulizwa, kwa sababu alijua hakufanya kosa. "Kila siku, baada ya saa nane," alisema. "Hiyo redio ikisema tu saa nane, nakula, nakunywa moja. Hata siku moja sikukosa."

"Moja tu kwa siku, mwaitu?" nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Si ndio iliandikwa? Mke wa kijana wangu ndiye alinisomea. Alisema hii imeandikwa na mtu amesoma."

Nadhani mmeshaona. Dawa ile ilikuwa ya mara tatu kwa siku. Kwa kila mtu mwenye redio kutoka Kitui hadi Sultan Hamud, saa nane ni mchana, wakati jua limeanza kuelekea upande wa pili. Masaa nane ni kitu kingine: ni urefu wa muda, kutoka kidonge mpaka kidonge. Mama alikuwa ameandika kitu kimoja kisichoweza kusomwa vibaya, na mimi nikafuta herufi mbili zilizokuwa zinafanya kazi yote. Bibi alikuwa amemeza theluthi moja ya dawa yake, kwa uaminifu ambao mimi mwenyewe sijawahi kuwa nao kwa dawa yoyote.

Hapo ndipo iliponipasa kufungua mdomo niseme, mama, maandishi yale ni yangu, nisamehe. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni "Ugua pole, mama," na hata hiyo niliitamka vizuri. Walimkata vile vidole viwili siku iliyofuata, na nashukuru Mungu mguu ulibaki. Sitaki kuhesabu herufi na vidole mbele yenu. Hesabu hiyo naifanya peke yangu. Mkubwa wa hospitali alipouliza ni nani aliyeleta muhuri, Mama alijibu kwamba dirisha ni lake na yanayotoka dirishani ni yake. Akaandikiwa barua ya onyo. Jina langu halikutajwa popote, na wakati huo niliona hilo ni jambo jema.

Siku ile nikitoka, Mama aliniambia mlangoni, "Hukumwambia."

"Nitamwambia akipata nafuu."

"Sawa. Kwake si mbali na kwa dada yako." Kisha akanionyesha bahasha mpya aliyoiandika kwa mkono: asubuhi moja, mchana moja, usiku moja. "Hapa hakuna ma ya kufuta, Mwalimu." Hakucheka, lakini nina hakika alitaka kucheka.

Nimeifikiria sana kazi yake tangu siku ile. Hospitali tunaisifu kwa wanaoshona na wanaopasua, watu wanaofanya kazi mgonjwa akiwa amelala mbele yao. Lakini wengi wetu tunaofika kasualti hurudi nyumbani siku ile ile, na uponyaji wenyewe unafanyikia jikoni kwetu, hakuna daktari anayetazama, tumebaki sisi na bahasha. Aliyeandika bahasha ndiye pekee aliyetusindikiza. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alivumilia kutukanwa na foleni kwa ajili ya maswali yake. Mimi nilidhani maandishi ni ya kumpendeza aliyeandika. Nimesahihisha "masaa" kwa wino mwekundu katika daftari za watoto wa Ukambani miaka thelathini, watoto waliokuja shuleni na Kikamba chao, wakaona Kiswahili kina saa mbili zinazofanana, ya redio na ya urefu wa muda, wakazitenganisha ili watu waelewane. Nikawanyima alama kwa kutengeneza kilichokuwa kinavuja. Wakuu wa lugha wataendelea kusema masaa si sanifu, na pengine wana haki yao, lakini hawajakutana na bibi yule.

Baada ya hapo tukawa watu wa kupigiana simu. Kila alipotaka kuandika maelezo mapya alinisomea. Nilidhani ananiheshimu, baadaye nikagundua kwamba neno nililolisifu aliliacha, na neno nililolalamikia alilitumia. Na kila mara, kabla ya kukata simu, aliuliza: "Ulienda Mukuyuni?" Nikasema barabara ina matope. Mwaka uliofuata hakukuwa na mvua hata tone, nikasema vumbi linanisumbua kifua. Nikasema mhariri ananibana. Hakunigombeza hata mara moja, alisema "Haya, Mwalimu" na kukata. Alipostaafu akarudi kwao Kitui, simu zikapungua, swali halikupungua.

Tulimzika Ijumaa, nje kidogo ya mji wa Kitui. Watu walikuwa wengi kuliko viti, na wengi walikuwa wagonjwa wake. Nilisimama nyuma karibu na uzio, na hapo nikamwona bibi wa Mukuyuni ameketi kwenye kiti cha plastiki, bakora mapajani, kiatu cha mguu mmoja kimekatwa mbele ili kisimbane. Alikuwa amesafiri kutoka kule na mguu ule. Miguu yangu mimi, mizima yote miwili, ilitaka kuondoka. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikazungumza Kiswahili kibovu kabisa, sentensi hazina kichwa wala mkia, nikamwambia muhuri ulikuwa wangu, maneno yalikuwa yangu, ni mimi niliyemfanya anywe dawa vibaya, na siku ile kitandani nilijua nikanyamaza.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Najua," akasema. "Daktari aliniambia hiyo siku walinikata. Alisema usimwite, mngoje, atakuja mwenyewe."

Nikamuuliza kama hakuwa na hasira.

"Nilikuwa nayo. Sana. Mimi nilitaka kukutafuta na hii bakora." Akaitazama bakora, kisha akatazama kule walikokuwa wanajaza udongo. "Lakini kila mwezi nikienda kliniki ya sukari, hata alipostaafu akawa ananipigia simu, ananiuliza, 'Mwalimu amekuja?' Namwambia bado. Ananiambia, 'Atakuja, huyo si mtu mbaya.' Miaka sita ananiambia hivyo. Sasa umekuja, na mimi nitamwambia nani?"

Ndugu zangu, kama kuna mtu uliyemkosea na unangoja mvua ipite, vumbi litulie, au upate maneno mazuri ya kumwambia, nenda leo na maneno mabaya uliyo nayo. Msamaha huenda ukaukuta, kama mimi nilivyoukuta, maana yule bibi alinishika bega ndipo akainuka. Lakini aliyekuwa akikutetea kwa miaka yote hiyo, akiamini kwamba utakuja, anaweza kuondoka bila kujua kama alikuwa anasema kweli.