Gati la Kusini, Gati la Kaskazini

Kwa miezi minne nilisomeshwa kisiwa ambacho sikuwa nimeomba kukijua. Mama mzee niliyemtunza kule Al Wukair, nje kidogo ya Doha, nyumbani kwa binti yake mhandisi, alizaliwa kaskazini kabisa mwa Ulaya, kwenye kipande cha mawe kisicho na mti hata mmoja. Siku ya kwanza kazini binti alinipa daftari. "Akisema chochote kuhusu kisiwa, tafadhali andika." Mimi nilisomea uuguzi. Hakuna aliyeniambia kuna kuandika historia.

Basi kila asubuhi nikimpima presha, darasa linaanza. Watu wa kwanza kuhamia walikuwa ndugu wawili waliokimbia kodi. Kesho yake ndugu ni watatu, na hawakukimbia, walifukuzwa. Nafuta. Magharibi kuna jabali ambapo ndege wa baharini hutaga, na wanaume walishuka kwa kamba kuokota mayai. Nyumba zote ziko mashariki, zimejikinga na upepo. Wakati wa baridi jua linachungulia kidogo, linazama. Huku jangwani nguo zinakauka kabla sijamaliza kuanika, na mimi naulizwa kama nimeandika vizuri habari za barafu.

"Mashua zinafika upande gani?" alikuwa akinihoji.

"Kusini, Mama."

"Kwa nini?"

"Kaskazini kuna miamba."

"Na kesho usiniulize tena."

Kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nauliza!

Ijumaa moja, maana huku hata sisi Wakristo tunasali Ijumaa, nilirudi kutoka kanisani Abu Hamour nikakuta mgeni sebuleni, mzee wa kisiwa hicho hicho, aliyekuja kumtembelea mwanawe anayefanya kazi Doha. Nikashukuru Mungu. Sasa wataongea wao, mimi nipumzike. Chai haijapoa, wameshakosana.

"Gati liko kaskazini," mzee alisema. "Nimefunga mashua pale tangu ujana wangu."

"Kusini!" Mama akagonga meza.

"Ni kusini!" nikadakia, trei mkononi. "Kaskazini kuna miamba, mashua itavunjika!"

Wote wawili wakanigeukia. Mzee akaniuliza kwa upole niliwahi kufika kule lini.

Aibu ilinishika, kisha hasira. Nilileta daftari nikaliweka katikati yao. "Chora, Mzee. Na wewe Mama, chora. Hii maneno tuimalize leo."

Wakachora. Ndipo ikajulikana kwamba Mama aliondoka kisiwani akiwa na miaka saba. Miezi minne nafundishwa na mtoto wa darasa la kwanza! Baada ya familia yake kuhama, bahari ya kusini ilizidi kuvunja mashua, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Serikali ikalipua miamba ya kaskazini, ikajenga gati la saruji.

Mama akauvuta mchoro wa mzee karibu.

"Walilipua miamba yetu?"

"Waliilipua," mzee akasema. "Bila hivyo leo kusingekuwa na mtu. Sasa tuko wachache, lakini tuko."

Nilitamani kumkasirikia Mama, nikashindwa. Kidole chake kilikuwa kinatafuta miamba kwenye karatasi.

"Andika magati yote mawili," akaniambia hatimaye. "La zamani, na hilo lao."

Nikaketi kuandika, bado nimevaa nguo za kanisani, viatu vinanibana. Mzee akajiongezea chai, akaanza habari za shule ya kisiwani, na yake haikufanana kabisa na ile niliyokuwa nimeandika. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko.