Marahaba Kabla ya Shikamoo

Mimi ni mwalimu wa vigelegele, na sioni haya kusema. Mtoto akifunga kifungo cha shati mwenyewe, napiga. Akinawa mikono bila kukumbushwa, napiga. Mwalimu mkuu alishawahi kutoka ofisini kuniuliza kama kuna harusi, nikamwambia ndiyo, bwana harusi huyu hapa, leo kavaa viatu bila kukosea mguu. Darasa langu ni la watoto wenye ulemavu, shule ya msingi hapa hapa Songea mjini, na kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni stadi za maisha: kupiga mswaki, kufua soksi, kuvuka barabara, kuamkia watu.

Hapo kwenye kuamkia ndipo kasheshe ilipoanzia.

Darasani nilikuwa na binti wa miaka tisa mwenye ulemavu wa akili. Mcheshi huyo, we acha tu! Aliishi mtaa wa Mfaranyaki na babu yake, seremala, mzee mkali aliyemlea tangu akiwa mchanga. Alichelewa sana kusema, na maneno yake yalikuwa machache, ila kila alilonalo alilisema kwa nguvu zote. Akimwona mtu mzima tu, anatabasamu mpaka ufizi, anapaza sauti: "Marahaba!"

Sasa hebu fikiria. Mzee wa watu anapita zake, hajafungua hata mdomo, katoto kanamwambia marahaba. Wengine walicheka wakashika mbavu. Wengine walisonya. Vijana wa bodaboda wao walifanya makusudi, "Shikamoo bibi!", naye akawaitikia kwa heshima zote.

Babu hakucheka. Alikuja shuleni tukiwa tumebakiza wiki moja kufunga kwa likizo ya Desemba. Nilimwamkia, nikampa kiti, akakikataa.

"Mwalimu, mjukuu wangu kasoma hapa mwaka mzima, na anachojua ni kunidharau. Padri kaja nyumbani, kaambiwa marahaba. Mimi mwenyewe kila asubuhi naambiwa marahaba. Mkifunga shule nampeleka kijijini Nalasi kwa shangazi yake, akaokote korosho. Harudi tena."

"Babu, nipe basi hii wiki."

"Wiki chukua," akasema. "Ila matumaini sina."

Nikachemka. Harudi! Mtoto aliyeanza juzi tu kwenda chooni peke yake, leo hii akaokote korosho! Nikamkalisha mbele yangu. "Sema shikamoo." "Shikamoo." Safi kabisa! Nikamshika mkono mbio mpaka kwa mwalimu mkuu. "Marahaba!" Tukarudi darasani, tukaanza upya, tukaenda tena. "Marahaba!" Nilitaka kulia.

Jioni hiyo nikamsindikiza kwao kwa miguu. Karibu na kwao yupo mama mmoja anauza mandazi. Wakapita wanafunzi wawili wa sekondari wakibishana habari za mpira, hata kumtazama hawakumtazama. Yule mama akawatupia, kwa ile sauti ya kuchoma: "Marahaba!" Vijana wakashtuka. "Shikamoo mama! Samahani mama!"

Nikasimama katikati ya njia, bodaboda ikanipigia honi. Jamani! Kumbe! Si ndivyo tunavyofanya sote? Mtoto asipotuamkia tunamwitikia hivyo hivyo, ili aone haya, akumbuke. Na huyu wangu hakuwa akiamkia mtu, maana hata kusema alichelewa. Kwa hiyo maisha yake yote watu wazima walikuwa wakikutana naye wanamwanza na marahaba. Kejeli haijui. Yeye alijua ndiyo salamu yenyewe, akawa anaturudishia kwa moyo mweupe. Hakumdharau mtu hata siku moja! Furaha ilinipanda, nikapiga kigelegele pale pale, mama wa mandazi akaniuliza kama nimeposwa.

Basi darasa likahamia mtaani, na watu wazima ndio wakawa wanafunzi. Kila asubuhi na jioni nilipita naye nikiomba jambo moja tu: akija, nyamazeni. Msimwanze. Mtazameni, mtabasamu, msubiri. Wee! Kumbe kunyamaza ni kazi! Fundi cherehani aliahidi vizuri kabisa, binti akatokea, marahaba ikamponyoka mwenyewe akajipiga paji la uso. Mama wa mandazi alijiziba mdomo kwa khanga. Na yule mtoto, asipopewa neno, alisimama akitafuta, ananitazama mimi, anamtazama mama. Siku za kwanza alituacha hivyo hivyo tukajiendea zetu. Ijumaa akasema. "Shikamoo!" Mama akaitikia kwa sauti ya kusikika mpaka Namtumbo, akampa andazi la moto, na vijana wa bodaboda wakapiga honi zote kwa pamoja.

Kwa babu nilikwenda Jumamosi. Mfuko wa safari ulikuwa tayari mlangoni, umefungwa kamba. Nikamweleza yote, naye akinisikiliza huku anapiga randa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfundisha?"

"Sisi sote, babu. Leo naomba unyamaze tu."

Hakupenda. Lakini binti alipoingia uani akitokea kuchota maji, babu aliweka randa chini. Mtoto akatua ndoo, akasimama mbele yake. Kimya. Nikaona midomo ya mzee inafunguka, na marahaba iko pale pale kwenye ncha ya ulimi, nikajiambia imekwisha, Nalasi hiyo. Mzee akaifunga midomo. Kuku wakapita kati yao wakidonoa vumbi la mbao.

"Shikamoo, babu."

Mungu wangu! Nikamgeukia babu, nikasubiri aitikie. Haitikii. Anafungua mdomo, anajaribu, sauti haitoki. Mtoto alimngoja. Hakumharakisha, hakunitazama mimi. Alipoona neno halimjii, akamsogelea na kumwambia taratibu, bila kejeli hata chembe:

"Marahaba, babu. Sema marahaba."

Mzee akasema. Akajifuta uso kwa mikono miwili, akaniuliza shule inafunguliwa lini Januari.