Aproni ya Bluu ya Truda

Kila Jumamosi Truda alifuta madirisha, na kila Jumamosi maji ya ndoo yaligeuka meusi kama kahawa. Hakulalamika. Ujana wake wote ulipita kwenye mkanda wa kuchambulia makaa ya mawe, yeye na wasichana wenzake wakitupa mawe pembeni na kuimba. Huku Silesia, mkoa wa makaa ya mawe, mgodi uko chini ya vitanda vya watu, na vumbi limezoeleka kama chumvi mezani.

Alichoshindwa kukizoea ni matarumbeta. Siku hizi bendi ya wachimbaji ilipiga makaburini zaidi kuliko harusini. Kwenye nyumba yao tu ya matofali mekundu, kansa ya mapafu ilimchukua fundi wa ghorofa ya chini, kisha ikapanda kwa mjane wa juu, ambaye hakuwahi kushuka mgodini hata siku moja. Yeye alifua tu nguo za mumewe. Daktari aliyekuja kuzungumza kanisani alisema ugonjwa huo unawapata watu wa makaa zaidi kuliko wengine, ila wanaowahiwa mapema wengi hupona. Truda aliondoka na hilo la mwisho.

Maana nyumbani mumewe, Alojz, alikuwa anakohoa.

"Ni njiwa," Alojz alisema. Tangu astaafu mgodini maisha yake yalikuwa bandani kwa njiwa wake wa mashindano. "Mavi yao yakikauka yanatoa vumbi. Kila mfugaji anakohoa."

"Ginter ana njiwa wengi kukuzidi, na hakohoi."

"Ginter hasafishi banda."

Gari la kupiga picha za vifua lilikuja Jumapili ya mashindano, likasimama kanisani. Mwisho saa sita mchana. Truda alitoka misani moja kwa moja hadi uani, na koti lake la kanisani na kofia yenye ua. Alojz alikuwa amekaa juu ya ndoo, saa ya mashindano mapajani, macho angani. Njiwa wote wa mtaa walikuwa wameachiwa alfajiri mbali huko, karibu na bahari.

"Mzee wangu, gari lile."

"Mwaka ujao. Nyamaza, wanakuja."

Kweli, Bela alitokea, jike la kijivu, kipenzi chake. Alishuka kama jiwe, akatua juu ya paa la banda. Akamwona Truda. Akasimama hapo hapo.

Njiwa kufika si kitu. Lazima aingie bandani, avuliwe pete ya mpira mguuni, pete itumbukizwe ndani ya saa inayoandika muda. Bela hakuingia. Yeye alimjua mwanamke wa aproni ya bluu anayemlisha mahindi. Huyu wa kofia yenye ua hakumjua.

"Shemeji!" Ginter, jirani yao, aliita kwa sauti ya chini kutoka ng'ambo ya ua. "Njiwa anadhani askofu amekuja kukagua banda!"

Alojz hakuthubutu hata kuinuka, ndege asije akaruka. "Truda," alinong'ona, "aproni."

Aproni ilining'inia kwenye msumari karibu na bega la Truda. Aliitungua polepole. Lakini hakuivaa. Aliishika tu mkononi.

"Utakwenda garini?"

"Truda, dakika zinakwenda!"

"Zinakwenda kweli."

Bela alijikuna ubawa. Alojz alimtazama ndege, akamtazama mkewe, jasho likimtoka.

"Haya, nitakwenda."

"Apa."

"Mwanamke wewe! Naapa."

"Kwa Mtakatifu Barbara."

Kwa jina la Barbara, anayewalinda wachimbaji, hakuna aliyewahi kuapa akavunja. Wanaogopa hata waliostaafu.

"Kwa Mtakatifu Barbara," Alojz alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Nimesikia mimi," alisema Ginter.

Truda akavaa aproni juu ya koti, akatikisa kopo la mahindi. Bela akaingia bandani kama hakuna lililotokea.

Alojz alifika kwenye gari wahudumu wakiwa wanafunga mlango, amevaa ndara, unyoya begani. Picha ilionyesha doa dogo kama punje ya dengu kwenye pafu la kushoto. Kabla ya Krismasi madaktari walikuwa wameshalikata, na kipande cha pafu pamoja nalo.

Sasa hupanda ngazi ya banda kwa vituo, anapumzika katikati akijifanya anatazama mawingu. Kusafisha anasafisha Truda, kitambaa puani. Kuhusu upasuaji Alojz hasemi sana. Kuhusu zile dakika alizopoteza Bela, akashika nafasi ya nne, husema kila akipata msikilizaji.

Mwaka uliofuata gari lilirudi, tena Jumapili ya mashindano. Truda alikuwa jikoni akigeuza nyama ya kukunja, akasikia Ginter analalama uani. Akachungulia dirishani. Njiwa wa Ginter alikuwa juu ya paa, shingo ndefu, amegoma kuingia. Na kwenye uzio wa Ginter, wima kama nguzo, alisimama Alojz na suti yake nyeusi ya sherehe na ile kofia ya wachimbaji yenye manyoya marefu.

"Alojz, ondoka hapo, nakuomba!"

"Naondoka, jirani," alisema Alojz, akivuta pumzi taratibu. "Gari liko kanisani mpaka saa sita. Haya, sema: kwa Mtakatifu…"

Truda akarudi kwenye sufuria yake, akaongeza viazi. Ginter angekula kwao leo, na akitoka garini angefika na njaa.