Redio ya kuzungusha niliyompelekea baba mkwe

Kuna mtu Masasi mjini anauza redio, na roho yake inanuka.

Huku Mkunya umeme ukikatika umekatika, ndiyo maana nikamchagulia baba mkwe redio ya kuzungusha kwa mpini. Dukani muuzaji alizungusha kidogo tu, ikaimba.

Leo umeme hakuna. Majirani wamejaa barazani wanangoja kusikia bei ya mnada wa korosho.

Mzee akazungusha. Kimya.

Akazungusha tena mpaka jasho likamtiririka.

Nani angemnyang'anya baba mkwe kitu mkononi? Mimi nilikaa nimeinamisha macho.

Mwisho akanirudishia. "Nisamehe, Mama Zuhura. Nguvu zimeniisha."

Nikaingia nayo jikoni, nikaifungua kwa bisibisi. Mpini haujaungwa na kitu. Unazunguka wenyewe tu. Ndani kuna betri kuukuu, imevuja, inanuka.

Nikampigia muuzaji. Hata aibu hana:

"Dada, mpini ni urembo tu. Hiyo unachaji kwa umeme."

Nilitema mate.

Sasa nyie, nimwambieje? Mpaka saa hii mzee wa watu yuko barazani anajichua bega.