Kingamwili za Fundi Cherehani

Miaka miwili mizima, fundi cherehani yule aliamka na vidole vilivyovimba hata mkasi haushikiki. Mume wake, mwashi, ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi kabla ya kwenda kazini. Sare za shule zikarundikana mezani, wateja wakaanza kumkimbia. Akipigwa na jua kidogo tu, mashavu yanaiva. Nywele nazo zilibaki kwenye kitana.

Zahanati walimpa dawa za malaria, kisha za maumivu, kisha wakamwambia apunguze mawazo. Mama mkwe, waliyeishi naye, alikuwa na lake:

"Ukimtuma maji, anaumwa. Ukimwita kula, mzima wa afya!"

Kilichomuuma fundi zaidi ni kwamba na yeye alikuwa ameanza kuamini ni uvivu.

Mwishowe daktari mmoja wa hospitali kubwa, mama asiye na haraka, alimbonyeza kiungo kimoja kimoja, akatuma damu na mkojo maabara. Siku ya majibu walikwenda watatu. Mama mkwe alisema hataki kuhadithiwa.

"Ni lupasi," daktari alisema. "Kingamwili kazi yake ni kupambana na vijidudu. Zako zimepotea njia, zinashika viini vya seli zako mwenyewe. Kipimo cha kingamwili hizo peke yake hakitoshi, hata mwenye afya huweza kukutwa nazo. Lakini nikiunganisha na viungo, mashavu na vipimo vingine, sina shaka."

"Kwa hiyo anaumwa kweli?" aliuliza mama mkwe.

Daktari akapiga simu maabara, waonyeshwe kwa macho yao.

Mtaalamu wa maabara aliwaingiza kwenye chumba kidogo kilichozimwa taa. Seli za kwenye kioo, alieleza, ni za kupimia tu. Alikuwa amezidondoshea majimaji ya damu ya fundi, kisha rangi ya kung'aa inayozishika kingamwili. Kingamwili zisingekuwepo, pangebaki giza.

Fundi aliinamia hadubini. Viini vilikuwa vinawaka kijani, vimejaa tele.

"Kumbe sikuwa nasingizia," alisema. Mume akamshika bega.

Mama mkwe alikaa kwenye hadubini muda mrefu.

"Vyote hivi?"

"Vyote, mama," alijibu mtaalamu.

Walipotoka nje juani, mama mkwe alivua mtandio wake akamfunika mkwewe kichwa na mashavu.

"Mwanangu, mdomo wangu umekukosea."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Niache niseme."

Akasema, njia nzima, mpaka mwashi akatangulia mbele kuwapisha.

Dawa haziponyi, hutuliza. Fundi huzimeza kila siku, huvaa kofia pana, na kwa sababu ya dawa hizo hupimwa macho kila mwaka. Ziko siku hashoni kabisa, na hakuna anayemuuliza. Asubuhi vidole vikigoma, mama mkwe humtilia uzi kwenye sindano. Hukosa tundu mara sita, miwani imeteremka puani, na ole wake atakayejitia kumsaidia.