Mama wa chaji wa Sake aliyemtoa kinyonga mafichoni

Saa mbili asubuhi, siku ya soko, mji mdogo wa Sake, mashariki mwa Kongo, umeshachangamka. Malori yanayotoka Minova yanapigiana honi na pikipiki zinazoteremka kutoka Masisi, na mbele ya kibanda kimoja cha mbao watu wanasukumana, kila mmoja na simu yake iliyozima. Ndani, Kahambu Léontine anachomeka waya huku na waya kule. Mikono iko kwenye chaji, lakini macho yako kwenye picha iliyo katika simu yake mwenyewe.

Anaigeuza simu hiyo kuelekea kwa mama mmoja aliyeleta maharagwe sokoni.

"Mama Thacienne, kama unamutafuta huyu mu-simu, unaandika nini?"

Mama Thacienne anaruka nyuma nusura amwage maharagwe. "Yesu! Toa ile kitu! Njo uruvu ile!"

"Uruvu," Kahambu anarudia, na vidole vyake vinaandika upesi. "Aksanti, mama. Leo simu yako nachaji bure."

Aliyemrusha mama wa watu ni kinyonga. Tena si kinyonga mwenyewe, ni picha yake tu: kijani kibichi, pembe tatu puani, anatembea juu ya kijiti taratibu kama mtu anayevuka daraja la miti. Wengi huku huamini kwamba kukutana naye njiani ni mkosi, na wapo wanaoahirisha safari kwa sababu yake. Kahambu yeye anamtazama na kucheka kwa raha. Kinyonga huyu amemkosesha usingizi kwa miezi kadhaa.

Kahambu ana miaka thelathini na minne. Ni mzaliwa wa Butembo, na alifika Sake akimfuata mumewe, Muhindo, anayeendesha lori la mizigo kati ya Goma na Walikale. Biashara yake ni kuchaji simu kwa sola, kwa faranga mia tano kila moja, kuchapa karatasi na kuwafungulia watu kurasa za mtandao. Barabara inapofungwa kwa vita, lori la Muhindo hulala, na kibanda ndicho kinacholisha nyumba nzima.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2023, mapigano yalipopamba moto huko juu, milimani Masisi, familia nyingi ziliteremka Sake na magodoro vichwani. Miongoni mwao alikuwamo Kanyamibwa Athanase, mkulima na mtengenezaji wa jibini kutoka Nyamitaba. Ng'ombe wake aliwaacha kwa jirani. Kamera yake hakuiacha.

Kamera hiyo aliachiwa na daktari wa mifugo aliyehama zamani, na kwa miaka mingi Athanase alipiga kila kinachopumua kilimani: vinyonga, vipepeo, vyura, korongo wenye taji. Kupita nayo kwenye vizuizi vya wenye silaha hakukuwa mchezo, maana mwenye kamera huitwa mpelelezi kabla hajafungua mdomo. Aliificha ndani ya kibuyu kikubwa cha maziwa kilichokuwa kitupu, na kile kikadi kidogo cha picha akakipachika katikati ya jibini.

"Walikata jibini ingine, bakakula," anasimulia Athanase, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Ile yenye kadi nilikuwa nimeiwekea chumvi mingi sana. Nani angeimaliza?"

Picha zake zilikuwa mtandaoni tangu zamani, kwenye ukurasa wa bure aliofunguliwa Goma. Hakuna aliyeziona. Na hilo halikumuuma hadi siku binti yake, Igiraneza, anayesoma sekondari Goma, alipochokozwa na wenzake darasani kwamba kwao hakuna kingine ila bunduki. Msichana akachomoa simu awaonyeshe. Akaandika "Masisi", akafungua upande wa picha. Zikaja bunduki, mahema, na bunduki tena. Akateremsha kidole, zikaja nyingine. Darasa zima likaangua kicheko.

Usiku huohuo alimpigia baba yake akilia. Athanase hakulala. Kesho yake alikuja kibandani akiwa amekunja uso.

"Mama Kahambu, kama foto zangu hazionekane, kamera ni ya nini? Guylain wa harusi iko anaitaka. Likizo kubwa ya masomo ikiisha bila zionekane, nitamupatia."

Guylain ndiye mpiga picha za harusi wa Sake, na alikuwa ameikodolea macho ile kamera tangu siku ya kwanza. Kahambu anasema maneno hayo yalimchoma. Alijua kwamba Athanase akiitoa kamera, hatanunua nyingine maisha yake yote.

Akafungua ukurasa. Alichokikuta kilimwacha hoi.

Chini ya kila picha, Athanase alikuwa ameandika salamu. Alikulia kwenye vipindi vya salamu vya redio, ambako mtu akipewa nafasi ya kusema husalimia ukoo wake wote, naye akaona picha ni nafasi hiyohiyo. Chini ya kinyonga wa pembe tatu palisomeka hivi: "Namusalimia Mama Drocella wa Nyamitaba, shangazi Emérita popote aliko, na wote wanaonijua. Mungu awabariki." Kuhusu kinyonga, kimya. Jina la picha lenyewe lilikuwa namba tupu za kamera.

"Nikamuuliza: Papa Athanase, hii ni kinyonga ao ni redio?" anasema Kahambu. "Muntu wa kutafuta kinyonga atajua wapi kama anapaswa kuandika shangazi Emérita?"

Athanase alikataa katakata kufuta salamu. Vita vilimtenganisha na shangazi yake, na alitumaini ataziona. Wakapatana: mstari wa kwanza utakuwa wa kinyonga, salamu zishuke chini. Lakini jina la kilima halikuandikwa, "milima ya Masisi" tu, kwa sababu wapo wanaokamata vinyonga kuwauza, na wapo wenye silaha ambao hupendi wajue unakopita.

Mambo hayakunyooka mara moja. Kwanza Kahambu alifanya la kwake, la muuza duka. Akabandika majina ya timu za mpira na ya waimbaji wanaotamba chini ya vinyonga na vyura, ili watu waje kwa wingi. Walikuja kweli. Walitafuta magoli, wakakuta chura, wakaporomosha matusi.

"Balinitukana mpaka nikazima simu!" anasema, akijifunika uso kwa kitenge. "Nikajua: ukimudanganya muntu ili aingie, hatarudia tena."

Ndipo akageukia wateja wake. Mtu anayesubiri chaji hana pa kwenda, kwa hiyo kila mmoja alionyeshwa picha na kuulizwa swali ambalo Kahambu anaendelea kuliuliza hadi leo, kama alivyomuuliza Mama Thacienne. Wahunde walitoa neno lao, wasemaji wa Kinyarwanda lao, wanafunzi wakatoa la Kifaransa, madereva la Kiswahili. Maneno yote yakaingia chini ya picha, pamoja na maelezo mafupi: mnyama gani, rangi gani, yuko wapi, anafanya nini.

Bado picha haikuonekana. Mwalimu wa biolojia wa Igiraneza ndiye aliyewashauri kwamba ukurasa usiotajwa na yeyote ni mgeni mtandaoni, haaminiki. Kahambu akaanza kubembeleza. Shule ikautaja ukurasa wa Athanase katika ukurasa wake, kwaya ya parokia ikautaja, ushirika wa wafugaji ukautaja. Mpenzi mmoja wa vinyonga wa nchi ya mbali aliukuta na kuutaja pia.

Likizo ikaisha. Guylain alifika kibandani, Athanase akavua mkanda wa kamera shingoni na kumkabidhi. Guylain alikuwa tayari anajaribu kuwapiga picha wateja pale simu ya Kahambu ilipolia. Alikuwa Igiraneza, akipiga makelele yasiyoeleweka.

"Andika Masisi! Angalia foto! Mama Kahambu, angalia!"

Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Kahambu akapanda juu ya benchi, simu juu kichwani. Ukurasa ukafunguka kwa kudonoadonoa: bunduki, hema, bunduki. Halafu kitu cha kijani. Halafu pembe tatu.

Kahambu alipiga yowe ambalo Sake hawatalisahau. Na katika Sake, mwanamke akipiga yowe namna hiyo, watu hawaulizi. Akina mama walianza kufunga mizigo, mwenye kuku akakamata kuku, dereva mmoja akawasha gari. Ikabidi Kahambu atoke mbio barabarani, mikono juu.

"Hakuna vita! Mutulie! Ni kinyonga! Kinyonga ya Papa Athanase imetoka!"

Dereva akazima gari. Kisha mtu mmoja akacheka, na soko zima likacheka, kicheko cha watu ambao wamezoea kukimbia na leo hawakimbii. Guylain akamrudishia Athanase kamera. Athanase alikaa kwenye benchi na kulia waziwazi, wala hakujificha.

Leo Kahambu anajiandaa kwa safari. Barabara ikiruhusu, atapanda lori la mumewe hadi Kashebere, upande wa Walikale, ambako waendesha pikipiki wanapiga picha nzuri za msitu na kuziacha zioze ndani ya simu. Anataka kuwakusanya na kuwafundisha. Hadanganywi na furaha. Anajua kinyonga bado ni mmoja tu kati ya bunduki nyingi.

"Sitasema hakuna vita, sisi wote tunaiona," anasema, akimpokea mteja mwingine simu. "Lakini ile ukurasa ya foto za Masisi nataka tuijaze. Iko siku mutoto ataandika Masisi, atateremusha kidole, atateremusha, mpaka kidole ichoke. Na ataona tu kwao."