Ndoo Iliyotolewa Nje

Leticia hakuwahi kuizoea ile harufu. Watu wa Makorora walidhani wauguzi huzaliwa bila pua, lakini yeye kila akirudi nyumbani alijisugua kwa limau mpaka ngozi ikamuwasha, na samaki, chakula cha Tanga nzima, hakuweza tena kumtia mdomoni. Shimo la kutupia kondo la nyuma pale zahanati lilikuwa limepasuka mfuniko tangu masika. Nzi wake, wakubwa, wa kijani, hawakujua adabu. Wakitoka shimoni walikuja kutua kwenye kikombe cha chai.

Kwa hiyo Nasri, mwenye hoteli ndogo kule Ushongo, alipomwita akakae na kisanduku cha dawa na kuwapaka mafuta wazungu waliobabuliwa na jua, Leticia alimwomba asubiri mpaka Ijumaa tu. Moyoni alishahama.

Ijumaa asubuhi akaja Bi Zuwena, ambaye bintiye alijifungua alfajiri ile. Alikuja na kanga mpya kuchukua kondo la mjukuu akalizike uani, maana kwao kondo ni nduguye mtoto, halitupwi. Leticia alilijua hilo, na alikuwa ameliweka kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani, pembeni ya kitanda. Sasa ndoo haikuwepo. Mathew, mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, alikuwa ameitoa nje kwa kuwa wakaguzi wako njiani na ndoo inanuka. Leticia alikuwa amemkataza, naye akamjibu kwamba ndoo haina miguu, haitakimbia.

Ndoo haina miguu, mbwa wanayo. Waliikuta imepinduka, na kando ya ukuta jike mmoja mwekundu anavuta kitu cheusi kilichojaa mchanga, huku ananguruma, nzi wamemfunika pua.

Bi Zuwena hakupiga kelele. "Kumbe hapa mwafuga mbwa kwa nyama za wajukuu zetu," alimwambia Leticia, akatema mate karibu na viatu vyake.

Leticia akamtazama Mathew. Mwaka jana glavu zilipokwisha, watu walimtukana yeye, na Mathew akajifanya anaandika. Kinyaa chake kikamwacha mbwa, kikamhamia mkubwa wake kabla hata hajafungua mdomo.

"Bi Zuwena, shikamoo," Mathew alisema. "Ndoo niliitoa mimi. Muuguzi alinikataza."

Akavua saa, akamfukuza mbwa kwa fimbo. Lile pande akaliokota mwenyewe, akaliosha maji matatu mbele ya bibi, mchanga na manyoya yakitoka, akaliviringisha kwenye kanga. Bi Zuwena akalipokea, akaondoka bila kuaga. Mathew akazunguka nyuma ya choo, Leticia akamsikia anatapika. Aliporudi, macho mekundu, alimpigia simu fundi wa mfuniko, wakaguzi wenyewe wakiwa wamefika na kuketi kwenye benchi, wameziba pua.

Mchana Leticia alimpigia Nasri kumwambia kwamba haji. Nasri akataka kujua wamemwongezea mshahara kiasi gani.

"Hata senti. Bosi wangu leo katapika."